UZI: Raifali ya kulungu Marekani, kiboko wa Kadibo, na swali la nani anaitwa mwindaji

Wadau, uzi wa leo ni mrefu. Wale wa "fupisha bana" mnisamehe mapema. Kama kawaida ya ukurasa huu, sitataja mwanasiasa wala chama. Ukiona jina la mtu wako kwenye maoni, ujue si mimi niliyeliandika.

Ilianza hivi. Binamu yangu anaishi Ohio, Marekani. Mwezi jana alinitumia picha akiwa amevaa koti la rangi ya chungwa, bunduki begani, na ujumbe: "Omera, huku wanabishana kuhusu raifali gani ni halali kuwinda kulungu. Huko kwetu vipi?" Nilicheka. Huko kwetu! Nilikuwa stendi ya Awasi nangoja matatu ya Ahero, na ndani ya gari wazee wawili walikuwa tayari wanabishana kuhusu jambo hilohilo, ila wao hawakujua ni jambo moja. Mmoja alikuwa anasema sheria za wanyamapori ni za mzungu, tuliachiwa tu. Mwingine anasema kuwinda si desturi yetu, sisi ni watu wa samaki na ng'ombe. Nimesikia hoja hizo mbili kila msimu wa kampeni. Zote mbili zina shimo, na shimo lenyewe lina historia.

Kwanza nimalize ya Ohio, maana ndiyo itatufungulia mlango.

Majimbo kadhaa ya katikati ya Marekani ni tambarare kama Kano yetu. Mashamba ya mahindi, nyumba hapa, shule pale. Risasi ya raifali inasafiri mbali sana, ikimkosa kulungu inaweza kumfikia mtu asiyejua hata kuna uwindaji. Kwa hiyo kwa miaka mingi Ohio ilisema: kulungu utampiga kwa bunduki ya marisau iliyowekwa risasi moja nzito, au kwa gobore la kushindilia kutoka mdomoni, au bastola za aina fulani. Raifali, hapana. Mwaka 2014 wakalegeza. Wakaruhusu raifali, lakini zile tu ambazo ganda la risasi yake limenyooka kama mkebe, si lile linalobanwa shingoni kama chupa ya soda. Ganda la namna hiyo halina baruti nyingi ya kuipeleka risasi mbali, na teke lake begani ni dogo, kwa hiyo vijana na watu wa miili midogo wanalenga vizuri zaidi. Michigan ikafanya hivyo mwaka huohuo kwa upande wake wa kusini. Iowa ikafuata 2017.

Watu walibishana, na bado wanabishana. Lakini angalieni kitu kimoja: hakuna anayebishana kama raia awinde au asiwinde. Hilo lilishakwisha. Wanabishana kuhusu shingo ya ganda la risasi. Ni ubishi wa watu ambao tayari wako ndani ya nyumba, wanagombania kiti.

Sisi tuliachwa nje ya mlango, na tuliachwa kwa kutumia kifaa chenyewe. Hapo ndipo uzi unaanza kweli.

Julai 1890, huko Brussels, mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani, Uajemi, Milki ya Osmani na hata Zanzibar yalitia sahihi mkataba mkubwa wa kupiga vita biashara ya watumwa. Jambo jema, nani atakataa? Ndani ya mkataba huo kulikuwa na sehemu kuhusu silaha. Ilichora mistari miwili kwenye ramani ya Afrika, nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, na kusema kwamba katikati ya mistari hiyo bunduki zisiingizwe kiholela, hasa raifali na silaha zilizoboreshwa. Zilizoachiwa mwanya wa kuuzwa, chini ya masharti, ni yale magobore ya jiwe la kuwashia, yenye mtutu laini ndani, na baruti ya kawaida ya biashara.

Wacha nieleze tofauti, kwa sababu kila kitu kinakaa hapo. Raifali ni bunduki ambayo ndani ya mtutu wake imechongwa mizunguko. Risasi ikipita inazungushwa kama pia, ikitoka inakwenda moja kwa moja na mbali. Gobore halina mizunguko hiyo. Risasi yake ikishatoka ni kama jiwe la mtoto, huenda ikapata, huenda isipate. Kwa hiyo mkataba wa 1890 na kanuni ya zamani ya Ohio zilikuwa zimeshika kifaa kilekile, mizunguko ya ndani ya mtutu. Ohio iliogopa risasi ipotee imwue jirani. Brussels, pamoja na lile jema la kuzuia wafanyabiashara ya watumwa, iliogopa risasi isipotee.

Miaka iliyofuata ilionyesha maana yake hapa kwetu. Vita vya Waingereza na majirani zetu Wanandi, vilivyoendelea kwa vipindi kutoka 1895 hadi 1905, vilikuwa mikuki na mishale upande mmoja, raifali na bunduki za Maxim upande mwingine. Hilo lote lilitokea kwenye vilima ambavyo sisi tunaviona kutoka hapa Awasi ukigeuka kaskazini.

Sasa uwindaji wenyewe.

Mei 1900, London. Mataifa yenye makoloni yakatia sahihi mkataba mwingine, huu wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Haukuanza kufanya kazi kikamilifu kwa sababu si wote waliouidhinisha, lakini magavana waliuchukua kama kielelezo. Ulipanga wanyama kwa makundi. Kuna wa kulindwa kabisa. Kuna wale ambao mwenye leseni angewapiga kwa idadi. Na kuna waliohesabiwa kuwa waharibifu, wa kupunguzwa: simba, chui, fisi, mamba. Ukataka pia matumizi ya nyavu na mashimo ya kunasia yawekewe mipaka.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Nyavu na mashimo. Nani alikuwa anawinda kwa nyavu na mashimo? Hakuwa bwana wa London.

Mzee wa pili kwenye matatu, yule aliyesema Wajaluo hawakuwinda, hapa ndipo ninapomkatalia kwa heshima. Neno dwar lipo kwenye lugha na halikuingia na meli. Vijana wa Kano walitoka na mbwa, mikuki na rungu, wakazunguka kichaka. Ngao za zamani zilikuwa za ngozi ya nyati, na nyati hakuvuliwa ngozi akiwa amelala. Kando ya ziwa walimchoma kiboko kwa mkuki. Na kware, jamani. Aluru! Mti mrefu unasimamishwa shambani, vikapu vinatundikwa juu yake, kila kikapu na ndege wake wa kuita. Wanaimba alfajiri, wenzao wa porini wanashuka kuwasikiliza, chini kwenye nyasi kuna vitanzi. Bunduki haimo kabisa hapo, ni sikio na subira tu.

Huo ndio uwindaji ambao sheria mpya haikuwa na jina zuri kwa ajili yake. Ilikuwa na jina moja tu, ujangili.

Sheria ya wanyama ya 1909 ya eneo lililoitwa Himaya ya Afrika Mashariki iliweka bei. Leseni ya mgeni mwanamichezo ilikuwa pauni 50, yaani rupia 750. Leseni ya mlowezi, rupia 150. Wakati ule kodi ya nyumba kwa Mwafrika ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe: ruhusa ya mtu mmoja kuwinda ilikuwa sawa na kodi ya nyumba 250. Sheria haikuhitaji kuandika "Mwafrika asiwinde" kwa herufi kubwa. Bei ilisema, sharti la raifali likasema, na ruhusa ya kuombwa kwa mkuu wa serikali ikamalizia.

Mwaka huohuo wa 1909, mwezi wa Aprili, alishuka Mombasa mgeni maarufu, rais mstaafu wa Marekani (nilisema sitaji majina, hata ya waliokufa). Alikuja na mwanawe na sanduku la bunduki ambalo wapenda silaha wanalikumbuka mpaka leo: raifali ya mitutu miwili ya Holland & Holland, Springfield moja, na Winchester ya .405. Wawili hao waliangusha wanyama 512, vingi vikaenda makavazi ya Washington. Mwishoni mwa mwaka alipanda treni mpaka Kisumu, iliyowahi kuitwa Port Florence, akavuka ziwa kwa meli kwenda Entebbe. Treni ile ilipita Muhoroni na Kibigori, kaskazini yetu hapa. Kila nikivuka reli pale Kibigori namfikiria ameegemea dirishani, akiangalia tambarare ya Kano, na labda kijana mmoja yuko njiani na mkuki wake akiiangalia treni. Mmoja wao ni mwindaji. Mwingine ni mhalifu anayesubiri kukamatwa. Tofauti yao ni karatasi na mtutu.

Kwa haki, watu wa wakati ule waliijadili raifali kwa makini sana, kuliko hata Ohio. Kuna kisa kimoja ninakipenda. Miaka michache kabla ya hapo Waingereza walipiga marufuku risasi za kipenyo cha .450 zisiingizwe India, kwa hofu kwamba zingewafikia waasi waliokuwa na bunduki kuukuu za Martini-Henry za kipenyo hicho. Mafundi wa bunduki wa London wakalia, halafu wakabuni vipenyo vya pembeni kukwepa marufuku: .465, .470, .475. Hiyo .470 baadaye ikawa kipenzi cha wawindaji wa kulipwa wa Nairobi. Yaani bunduki iliyowaua ndovu wengi wa Kenya ilizaliwa kwa sababu ofisi moja ya India iliogopa watu wake. Nikisema kanuni za silaha zinafuata woga kuliko wanyama, huwa namaanisha vitu kama hivi.

Halafu ikaja hoja ya uchungu. Raifali ndogo ikimpiga nyati inamjeruhi tu, anaingia kichakani na hasira, anamngoja mwanadamu yeyote atakayepita. Kwa hiyo Afrika Mashariki ikawa na desturi, na kisha kanuni, za kipenyo cha chini kwa wanyama hatari. Tanzania mpaka leo ukitaka nyati ni .375 kwenda juu. Hoja hiyo naikubali. Ni hoja ya kweli. Nyati aliyejeruhiwa hamuui aliyempiga, anamuua mama anayeokota kuni kesho yake.

Lakini hoja hiyohiyo haikupimwa kwa mizani moja kwa kila mtu. Wawata wa upande wa Tsavo, ambao wengine waliwaita Waliangulu, walikuwa na pinde ngumu kuvuta kuliko upinde wowote wa vita wa Kiingereza unaosifiwa vitabuni, na sumu ya mti waliyoipika wenyewe. Ndovu akipata mshale mahali pake na sumu ikiwa mbichi, haendi mbali. Hakuna aliyekaa chini kuuliza: je, upinde huu unaua kwa haraka kuliko .303 ya mlowezi anayelenga vibaya? Mkataba wa pili wa London, wa 1933, ulipiga marufuku sumu, nyavu, mashimo, mitego na vitanzi. Kwa uadilifu niseme ulipiga marufuku pia kuwinda kwa gari na kwa taa za kuduwaza macho, na hivyo vilikuwa vya mwenye pesa. Lakini gari lilibaki la kumfikisha mwindaji porini. Mshale haukubakiziwa kazi.

Mwaka mmoja baadaye, 1934, wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao pale Norfolk Hotel, Nairobi, na wakajiwekea maadili makali. Wengine walikuwa watu waungwana na walijua porini kuliko mtu yeyote aliyekuwa ofisini. Siwachukii. Ninachosema ni kwamba wabeba bunduki wao na wafuata nyayo wao, mara nyingi Wakamba na Wawata, walikuwa ni watu wale ambao wakifuata nyayo zilezile Jumapili bila mzungu, wanafungwa.

Hapa nisimame kidogo niseme la nyumbani.

Babu yangu alifanya kazi shamba moja upande wa Koru, miaka ya mwanzo ya hamsini. Sitalitaja shamba. Alinaswa na kitanzi cha waya na paa mmoja mdogo, paa wa kutosha sufuria mbili. Alipigwa faini, na kwa kuwa hakuwa nayo, alilala ndani, na bibi akauza ndama. Hilo peke yake lisingenikaa kichwani. Kinachonikaa ni alichokuwa anakirudia babu akiwa amekunywa chai: kwamba wiki ileile mwenye shamba alipiga paa wawili kwa raifali na kuwagawia wafanyakazi nyama, na babu alikula nyama hiyo, na walipomkamata nyama hiyo ilikuwa bado jikoni imekaushwa, na askari aliiona na kuuliza ni ya nani. Akasema ni ya bwana. Askari akaiacha. Nyama moja ilikuwa halali, moja haramu, kwenye moto mmoja.

Basi tuendelee.

Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilitaka ardhi ya Makueni isafishwe kwa ajili ya makazi ya Wakamba. Mwindaji mmoja wa idara akapiga vifaru karibu 1,000. Hakuna aliyemwita jangili, ilikuwa kazi na alilipwa. Miaka kumi baadaye, 1956 na 1957, operesheni kubwa ilifanywa Tsavo dhidi ya Wawata, wengi wakafungwa kwa ndovu. Wakoloni wenyewe waliona wamevunja jamii nzima, ndipo 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana: Wawata wangevuna ndovu kihalali, kwa idadi, na kulipwa. Lakini hata huko, upinde haukukubaliwa. Ndovu waliuawa kwa bunduki za wasimamizi. Mwata aliruhusiwa kuchuna. Mimi naona hapo ndipo palikuwa na nafasi ya pekee ya kujibu hoja ya mzee wa kwanza wa matatu, na ikapita.

Uhuru ukaja, leseni zikaendelea. Watalii wawindaji walileta dola. Idara ya wanyama ilikuwa na makosa yake, biashara ya pembe ikanoga, na watu wenye mikono mirefu walikuwemo. 1973 uwindaji wa ndovu ukasimamishwa. 1976 ikaja sheria mpya ya wanyamapori, sura ya 376. Na Mei 1977, kwa Tangazo la Sheria nambari 120, uwindaji wote ukafungwa, ndege wa kuwindwa tu wakaachwa kando. 1978 maduka ya ngozi na vipusa nayo yakafungwa.

Hili la 1977 ndilo linalopigiwa kelele zaidi mitandaoni, kwa hiyo sikilizeni pande zote mbili.

Wanaosema marufuku iliokoa wanyama wajibu hili: ndovu wa Kenya walikadiriwa 167,000 mwaka 1973, na kufikia 1989 walibaki karibu 16,000. Marufuku ilikuwepo miaka 12 kati ya hiyo 16. Waliowaua hawakuwa na leseni wala .470 ya Norfolk. Walikuwa na bunduki za kivita, AK-47 na G3, na soko la nje. Kilichopunguza mauaji ni mambo yaliyokuja baadaye: tani 12 za pembe kuchomwa Nairobi Julai 1989, biashara ya pembe kufungwa duniani, na KWS kuanza kazi na askari wenye silaha za kujibu.

Wanaosema turudishe uwindaji kama Tanzania nao wajibu hili: Tanzania yenyewe ilifunga uwindaji 1973 na kuufungua tena 1978, na ndovu wake pia walichinjwa vibaya miaka hiyo ya themanini, na tena baada ya 2009. Kwa hiyo kufungua leseni si dawa, kama vile kuzifunga hakukuwa dawa. Ukisikia mtu jukwaani anatoa jibu la sentensi moja, ujue anatafuta kura.

Bunge letu lilijaribu kufungua mlango kidogo. KWS iliendesha majaribio ya kuvuna wanyama kwenye ranchi, hasa Laikipia, miaka ya tisini. Mwishoni mwa 2004 wabunge walipitisha mabadiliko ya sheria, na ikulu ikakataa kuyatia sahihi. 2018 kikaundwa kikosi kazi cha kuchunguza kama nyama ya pori iuzwe. Mjadala wa kila awamu unafanana: wenye ranchi kubwa upande mmoja, watetezi wa wanyama upande mwingine, mafaili yamejaa. Mtu wa Kadibo haitwi.

Sheria ya sasa ni ya 2013. Ilivyopitishwa, ilisema hivi: ukiwinda kwa ajili ya kula tu, faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Ukiuza nyama ya pori, faini inaanzia 200,000. Wengi hawajui kuwa hilo la kwanza lipo kabisa. Wanadhani sheria inamfuata mwenye pembe za ndovu peke yake. La, kitanzi cha babu bado kimo, na kipenyo cha raifali hakisaidii, maana hakuna raifali halali ya kuwindia hapa. Bunduki zenyewe ziko chini ya sheria ya silaha, sura ya 114, iliyoanza enzi ya hali ya hatari miaka ya hamsini, na tarehe hiyo inasema mengi. Mwisho wa 2018 wenye leseni wote waliamriwa wakaguliwe upya.

Na kware je? Mnakumbuka wazimu wa mayai ya kware mwishoni mwa 2013? Trei za bei ya ajabu, watu wakajenga vibanda, na ghafla wakaambiwa huyo ni ndege wa porini, unahitaji kibali. Wazee wa huku walishangaa sana. Ndege aliyekuwa anaimbiwa na vikapu vya babu zao sasa alikuwa na fomu. Kisha bei ikaanguka, fomu na vibanda vikabaki.

Msimamo wangu, kwa kuwa mtauliza. Sitaki bunduki zije Awasi. Tuko mpakani. Nilikuwa mtoto machafuko yalipoanza upande wa Meteitei mwishoni mwa 1991 na kuenea, na najua mshale unavyofanya mwili wa mtu, kwa hiyo hata upinde siupambi hapa. Pia hakuna wa kuwinda tena, tuseme ukweli. Paa wa Koru wameisha. Korongo wa Ruma, kule Lambwe, walipohesabiwa 2021 walikuwa 15 nchi nzima. Swala wa Kisumu wanaishi ndani ya ua tangu 1992, watoto wa shule wanalipia kuwaona. Nikisikia mtu anasema "turudishiwe haki ya kuwinda," namuuliza: umwinde nani?

Lakini nasimama na mzee wa kwanza kwa jambo moja. Ugomvi wetu na sheria hii tangu 1900 haukuwa kuhusu nyama peke yake, ulikuwa kuhusu nani anakaa mezani mnyama anapoamuliwa. Ohio, mkulima anaitwa kwenye kikao, anasema teke la ile bunduki linamwumiza binti yake begani, na kanuni inabadilika. Shangazi yangu ameolewa upande wa Kadibo, mpunga wake uko karibu na maji. Kiboko anapanda usiku, anakula na kukanyaga. Sheria ya 2013 inasema mazao yakiharibiwa na mnyama utafidiwa, na mtu akiuawa familia ilipwe milioni 5. Shangazi alijaza fomu misimu miwili iliyopita. Afisa alikuja, akapima hatua kwa miguu, akaandika, akaenda. Hajarudi, wala barua haijarudi.

Nilimpigia juzi kumsalimu nikiwa naandika uzi huu. Nilimuuliza anatumia nini siku hizi. "Debe na tochi, mwanangu," akasema. "Na shuka jeupe la marehemu mjomba wako, nalitundika kwa mti, upepo ukija linatisha." Nikamwambia binamu yangu kwa ujumbe: huku kwetu silaha halali ni debe, tochi na shuka. Akajibu kwa kicheko, kisha akakaa kimya kidogo, akauliza shuka la mjomba lile la maua au lile la hospitali. Nikamwambia lile la hospitali.